Dirisha Kwanza, Salamu Baadaye

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu viatu vyako vya kazi vikae mlangoni bila kuongezewa vumbi. Tunaviruka tukiingia, tunaviruka tukitoka, na hakuna anayethubutu kuvisogeza. Leo tunakuandikia mbele ya watu, kama zifanyavyo familia nyingine siku kama hii, na tunawaomba radhi wasomaji mapema kwa sababu tangazo letu si fupi. Wewe mwenyewe hukuwahi kufupisha jambo. Ukienda dukani kununua kiberiti ulirudi na habari za paa la duka.

Wengi walikujua kwa cheo: Mkurugenzi wa Kanda, katika shirika linalosaidia jamii kuhifadhi majengo yao ya zamani. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko ofisi. Humo ndani kulikuwa na meza moja, kabati lililosimama kwa msaada wa tofali, na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Lakini nani alikukuta humo? Ulikuwa njiani siku zote, pale watu walipoambiwa kwamba soko lao limezeeka livunjwe, au kwamba stesheni yao haina treni tena, basi igeuzwe mahali pa kuegesha magari. Hukwenda na majibu. Uliketi nao kwenye benchi, ukawauliza jengo hili ninyi mnalitumia kufanya nini, ukasikiliza mpaka mtu wa mwisho. Baada ya hapo ndipo ulipoanza kuwatafutia mafundi, kuwasindikiza kwa wahandisi wa manispaa, na kuwafundisha kuandika maombi ya msaada kwa maneno yao wenyewe. Ulikuwa ukisema mkurugenzi ni mtu wa kubeba viti.

Huko kote walikuita Mama Gonga. Hukuweza kupita ukuta bila kuugonga kwa kidole kilichokunjwa, ukatega sikio, ukasogea kidogo, ukagonga tena. Nyumbani ulitugonga na sisi vichwani tulipoleta matokeo mabaya ya shule. "Hapa ndani naona pana nafasi," ulisema, halafu ukacheka kabla yetu.

Na ulikuwa na kanuni iliyowashangaza wageni. Ukiingia katika jengo lolote la zamani, hata kama wazee wamejipanga kukupokea, ulikwenda moja kwa moja dirishani ukalifungua. Watu wamesimama na hotuba zao mkononi, wewe unahangaika na komeo lililoshika kutu. Ukishalifungua ndipo ulipogeuka, ukapangusa mikono, ukawasalimia mmoja mmoja. "Dirisha kwanza, salamu baadaye," ulisema. "Nyumba iliyobanwa pumzi haiwezi kuzungumza." Kamati zako zote ziliambukizwa tabia hiyo. Mwaka huu ndipo tulipojua ilivyowaingia.

Lakini leo tunataka kukusimulia habari za Baba. Mwaka huu ulikuwa wake kuliko wetu. Alitukataza tusikusimulie, tukapiga kura, akashindwa.

Unamjua fundi wako wa nguo. Mtu wa mistari iliyonyooka, chaki sikioni, futi shingoni. Miaka yote mliyokaa pamoja aligombana na chokaa yako. Ulirudi safari mikono ya gauni imekuwa myeupe mpaka kwenye kiwiko, naye akakusimamisha mlangoni akikukung'uta kwa brashi ya suti. "Mimi nashona suti za maharusi, mke wangu anatembea kama katolewa kwenye gunia la unga. Watu watasema nini juu ya biashara yangu?" Wewe ukamkumbatia hapo hapo, kusudi, ili na yeye achafuke. Kisha mkaingia ndani mkibishana nani atafua.

Ulipoondoka, baada ya ugonjwa ambao haukutupa hata nafasi ya kuuzoea, Baba hakulia mbele yetu. Alishona. Nguo zetu za msiba alizishona zote yeye, mpaka za wakwe. Watu walipokwisha kutawanyika akaenda kwenye chumba chako cha kazi, kile cha nyuma, sehemu ya zamani kuliko zote ya nyumba yetu, chenye ukuta mnene wa mawe na chokaa ambao pengine uliupenda kuliko baadhi yetu. Koti lako la safari lilikuwa msumarini. Nyundo yako ndogo ilikuwa mezani. Na harufu yako ilikuwamo, yote, kama vile umetoka kuchukua maji tu.

Baba akafunga dirisha.

Alilifunga kifundi. Alishona vifuko virefu, vyembamba, akavijaza mabaki ya vitambaa, akaviziba kwenye kila mwanya, chini ya mlango na pembezoni mwa fremu. Hata tundu la ufunguo alilishonea kikofia. Kila jioni akishafunika cherehani aliingia humo upesi upesi, akafunga mlango nyuma yake, akakaa kwenye kiti chako. Akitoka, alitoka upesi vilevile, kama mtu anayechelea kuku wasije wakatoroka. Sisi tulidhani anakwenda kusali.

Mvua zilipokuja, ukuta wa upande wa uani ukaota doa la unyevu. Doa tu, la kiasi cha sahani. Wewe ungeligonga, ungesikiliza, ungesema tungoje jua. Baba aliogopa. Aliona unyevu unalifikia koti, unavifikia vitabu, unaila ile harufu. Akamwita fundi wa mtaani, akamwambia apige plasta ya saruji ndani na nje, nzito, na juu yake rangi ya mafuta. Tulipomuuliza kwenye simu akatujibu kwa methali. "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Tukanyamaza, maana methali ni kama mzee, hubishani nayo kwenye simu.

Saruji, Mama. Kwenye ukuta wa chokaa. Ndani ya nyumba ya Mama Gonga. Kanda nzima uliizunguka ukiwabembeleza watu wasifanye jambo hilo hilo. Ulichora kwa kijiti mchangani kuonyesha jinsi ukuta wa zamani unavyokunywa maji na kuyatoa wenyewe, na jinsi ukiuziba kwa saruji maji yanavyokosa pa kutokea, yakabaki ndani yakiutafuna. Tulikusikia ukiyasema hayo mezani, kwenye simu, na mara moja usingizini. Kweli kinyozi hajinyoi.

Dada Mkubwa ndiye aliyegundua. Alikuja kumtazama Baba, akapita koridoni, pua yake ya uuguzi ikamsimamisha. Ile rangi ya mafuta ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu, na chini ya ukuta plasta ilianza kumeguka. Akaleta mhandisi. Mhandisi naye aligonga, Mama, lakini hakutega sikio. Akasema ukuta umeshiba maji, ukianguka utavuta na paa, na ushauri wake ni chumba kivunjwe kabla ya mvua nyingine, na mzee asilale tena ndani ya nyumba hiyo.

"Twende kwangu, Baba," Dada Mkubwa akasema. "Chumba kipo. Hospitali iko karibu."

Baba alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. "Mama yenu nilimwacha hospitalini nikaja nyumbani kubadilisha shati," akasema. "Niliporudi alikuwa amekwenda. Sitamwacha mara ya pili."

Uzi ukakataa kuingia, naye akaendelea kuutia. Dada Mkubwa alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji, akidhani hatumwoni.

Hapo ndipo tulipokuwa. Tukikigusa chumba tunampoteza Baba, tusipokigusa kinamwangukia. Tulibishana, tukanuniana, wa kati akakata simu, akapiga tena kuomba msamaha, akakata tena. Ungekuwepo ungetugonga vichwa sote kwa zamu.

Ndipo akaja Mwenyekiti. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini wasomaji wamjue: ni mama muuza vyungu, mwenyekiti wa kamati ya lile soko la zamani lenye matao, mwanamke anayeweza kunyamazisha mkutano kwa kuvua miwani tu. Alikuja na mfuko wa machungwa, kwa jambo la heshima. Kamati yake ilitaka kuandika jina lako kwenye jiwe, juu ya mlango wa soko, na ilikuwa inaomba ruhusa ya familia. Baba akampokea vizuri, akamvutia kiti.

"Nitakaa, shemeji," akasema. "Chumba cha kazi cha dada yangu ni kipi?"

Kabla Baba hajatafuta uongo, Mwenyekiti alikwisha kuuona mlango. Akaufungua, akapita kati yetu bila salamu kwa mtu yeyote, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Hilo halifunguliwi," Baba akasema.

Mkono wa Mwenyekiti ukabaki hewani. Akavitazama vile vifuko vya vitambaa. Akaitazama ile rangi iliyovimba. Akakunja kidole, akagonga, na hata sisi tuliosimama koridoni tulijua kwamba sauti iliyorudi si nzuri.

"Shemeji," akasema polepole, "nani kaupiga huu ukuta saruji?"

"Mimi."

"Wewe. Mume wa Mama Gonga."

"Mimi mwenyewe."

Tulingoja acheke, au afoke, maana ulimi wake tunaujua. Hakufanya hata kimoja. Alivuta kile kigoda chako cha kupandia, akaketi, akaweka mkoba chini, kama ulivyokuwa ukiketi sokoni kwao. Kisha akamwuliza swali lako lenyewe. "Chumba hiki wewe unakitumia kufanya nini?"

Baba alilitazama koti lako msumarini.

"Nanusa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na habari ya saruji na chokaa unaijua."

"Naijua. Nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu." Baba alilishika lile futi shingoni kwa mikono miwili. "Kila kitu kilikuwa kinatoka, shemeji. Watu wakatoka. Simu zake zikaacha kulia. Nguo zake watoto wakagawa, na nilikubali mwenyewe. Nikasema kitu kimoja kibaki ndani. Kimoja tu. Sasa nikivuta pumzi humu nasikia ukungu, yeye namsikia kwa mbali sana. Hata sijui kama nimemhifadhi au nimemharibu."

Mama, mwaka mzima tulikuwa tunamuuliza Baba kama amekula. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo lingine. Tuliona aibu, na tulimpenda sana saa ile.

Mwenyekiti akainuka. "Sisi hatugusi jengo la mtu mpaka kamati yake ikubali. Ndivyo alivyotufundisha. Kamati ya chumba hiki ni wewe. Mwenyekiti wewe, katibu wewe, wajumbe wewe. Mkishaelewana nipigie." Akaondoka, akasahau hata kuuliza jibu la jiwe lake.

Kamati ilichukua muda wake. Tulimsikia Baba jioni akijibizana mle ndani peke yake, sauti moja ikikataa na nyingine ikibembeleza. Asubuhi moja, chai ikiwa bado mdomoni, akachukua simu. "Kamati imekaa," akasema. "Kura zilikuwa za kuvutana lakini imepita. Njoo na watu wako. Ila dirisha nitalifungua mimi."

Walikuja na lori, wafanyabiashara wa soko lile, mwashi, seremala, mama wa mboga aliyefunga genge lake siku hiyo. Wakashuka, wakasimama uani. Hakuna aliyetusalimia. Tulishangaa kidogo, kisha tukaelewa wanangoja nini.

Baba alivitoa vile vifuko kimoja kimoja, akavilaza mezani, akivinyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha nguo ya mteja. Komeo lilikuwa limeshika. Akaligonga kwa nyundo yako. Dirisha likafunguka, ukaingia upepo, ikaingia redio ya jirani, ikaingia harufu ya vitunguu vya mtu vilivyokuwa vinaungua. Mkono wa koti lako ukacheza. Baba alisimama amefumba macho, akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena.

"Amekwenda," akasema.

Tuseme kweli, Mama, saa ile tulijuta. Dada Mkubwa alimshika mkono, naye akauacha ushikwe. Nje, wale watu wakaanza salamu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za chini. Pole, Mzee. Pole, shemeji. Poleni, watoto.

Saruji iling'olewa kwa tindo na nyundo, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kama nguo iliyotolewa kwenye ndoo. Ukaachwa uchi, wiki baada ya wiki, unywe hewa. Mhandisi aliporudi akagonga, na safari hii akatega sikio. Akasema ukiendelea kukauka hivi chumba kitasimama na mzee alale kwake bila wasiwasi. Tulifurahi. Baba alisema asante, akamkaribisha chai, akarudi kwenye cherehani. Nyumba alikuwa ameipata. Mle chumbani hakuingia tena jioni.

Ukuta ulipokauka, Mwenyekiti akarudi na lori, na juu ya lori pipa lililofunikwa kwa gunia. Wanaume wawili walilishusha wakiguna.

"Chokaa," akasema. "Lakini si ya kununua. Mwenyewe aliilowesha, kabla hajaugua, kwa ajili ya ukuta wetu wa nyuma. Alituambia tuiache chini ya maji, chokaa haiozi, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Kamati yetu nayo imekaa. Ukuta wetu unaweza kungoja."

Seremala akafunua pipa. Baba alikuwa mlangoni, chaki sikioni. Tulimwona anageuza kichwa, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu. Akavivuka viatu vyako, akashuka uani, akaliendea lile pipa na kuinama juu yake mpaka tukaogopa atatumbukia. Ilikuwa ile harufu ya baridi, ya jiwe lililoloa, ya mikono ya gauni lako ukisimamishwa mlangoni. Kumbe ndiyo aliyokuwa akiikung'uta kwa brashi miaka yote ile. Alikaa hapo akinusa, mabega yakimtikisika, na mara hii alilia mbele yetu bila kuficha uso.

Kisha akaomba mwiko.

Alifanya kazi nao mchana kutwa, ukutani mwako, kwa chokaa yako. Mwashi akamtania, "Mzee, huu ni ukuta, si suruali. Hauhitaji mstari wa pasi." Baba akasema kila fundi na deni lake, akaendelea kunyoosha. Jioni shati lake lilikuwa jeupe mpaka mabegani, nywele pia. Dada Mkubwa akaleta ile brashi ya suti, akamsimamisha mlangoni, akaanza kumkung'uta.

"Acha kwanza," Baba akasema.

Akamtazama binti yako, sare yake safi ya kazini, tayari kwa zamu. Akamkumbatia hapo hapo, kusudi, mpaka na yeye akachafuka.

Shati alilifua mwenyewe, akalianika kwenye dirisha lako. Siku hizi cherehani iko chumbani humo, na koti lako bado liko msumarini, linapigwa na upepo. Wateja wakiingia anawaacha na salamu zao mdomoni, anakwenda kwanza kulisukuma dirisha hata kama liko wazi tayari. Na lile jiwe la soko alilikataa kwa niaba yako. Aliwaambia waendelee tu kufungua madirisha kabla ya kuamkiana, hilo utalisikia. Viatu vyako tu ndivyo vilivyotushinda. Viko pale pale mlangoni, utuvumilie.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi wa nguo; wanao, Dada Mkubwa, wa kati ambaye sasa hakati simu, na kitinda mimba aliyeshika kalamu hii; wakwe zako na wajukuu zako wanaogonga kuta zote wanazozifikia; wadogo zako; na dada yako asiye wa damu, Mwenyekiti, pamoja na kamati zako zote za kanda.

Upumzike kwa amani, Mama Gonga. Daima tutakukumbuka, na dirisha liko wazi.